Sindano na Fundi wa Lifti

Jumamosi mchana lango kuu la bustani ya jiji huwa halipitiki. Maharusi wanashuka kwenye magari yenye riboni, wapambe wanagombania kivuli, wapiga picha wanawaamrisha watu wazima kama watoto wa chekechea. Katikati yao wanajipenyeza wale waliokuja kwa jambo moja tu, kukanyaga majani mabichi na kuisahau wiki. Mchana mmoja wa namna hiyo, gurudumu la kiti cha mgonjwa lilipanda juu ya mkia wa gauni la bibi harusi, likasimama papo hapo.

Kitambaa kilitoa sauti ya kuchanika. Bibi harusi akaganda.

"Usisukume wala usivute," sauti ya kike ikasema kutoka nyuma. "Ukivuta tu, leo tutalia wote."

Msemaji alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa gauni la kitani la manjano lililomkaa kama maji. Mkononi, pale ambapo wengine huvaa saa, alikuwa amefunga kijimto kilichojaa pini. Ndiye aliyelishona lile gauni. Wenzake dukani walimwita Sindano, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya ulimi wake, na kila Jumamosi aliwafuata maharusi wa duka lao mpaka bustanini, akiwarekebishia pindo na kuwakinga na miiba ya mawaridi.

Aliyekuwa akikisukuma kile kiti alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, amevaa shati la bluu lililopigwa pasi kwa bidii kuliko ujuzi. Mikono yake ilikuwa na ule weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni yoyote. Alikuwa fundi wa kutengeneza lifti kwenye majengo marefu, na kazini jina lake lilikuwa hilohilo, Lifti.

"Samahani sana, dada. Sikuona."

"Wewe ndiye dereva wa hiki kiti?"

"Ndiyo."

"Leseni alikupa nani?"

Hapo ikatokea sauti ambayo Lifti hakuwa ameisikia kwa miezi. Mzee aliyekaa kwenye kiti alikuwa anacheka. Huyo alikuwa baba yake, dereva wa treni mstaafu. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mguu wa kushoto, na tangu hapo alijifungia ndani akawa mtu wa kuguna tu. Siku hiyo mwanawe alimtoa nyumbani karibu kwa nguvu.

"Muulize tena, binti," Mzee alisema, ulimi bado mzito. "Mimi nimeendesha treni miaka yote, sijakanyaga mtu. Yeye siku ya kwanza tu." Akamtazama bibi harusi. "Mwanangu, unisamehe. Mimi nilikanyagwa na kiharusi, leo nimekanyaga harusi. Basi tumelipana."

Bibi harusi akacheka, wapambe wakacheka. Sindano alipiga magoti kwenye changarawe, akaushona ule mpasuko kwa mishono midogo isiyoonekana, akaukata uzi kwa meno. Lifti alisimama anamtazama kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

"Baba hajacheka tangu augue," alimwambia kwa sauti ya chini, maharusi walipokwisha kupita.

"Basi mlete tena Jumamosi ijayo."

"Nitakupataje kwenye umati wote huu?"

"Sikiliza tu mahali watu wanapogombezwa," Sindano alisema. "Nitakuwa hapo."

Jumamosi iliyofuata alimpata. Ile nyingine wakabadilishana namba. Haukupita muda, wakawa hawasubiri Jumamosi yenye kazi. Wakahamia Jumapili, siku ya wote.

Bustani ile ilikuwa na kila kitu na haikumdai mtu chochote. Kulikuwa na bwawa lenye bata wanene, vitanda vya mawaridi, uwanja mpana wa majani ambapo familia zilitandika mashuka na kulala chali, na njia ya changarawe iliyopita chini ya miti mirefu mpaka kwenye kibanda cha aiskrimu. Wote wawili waliihitaji kuliko walivyokiri. Sindano alishinda kwenye chumba cha kushonea kisicho na dirisha, taa ya umeme ikimmulika tangu asubuhi. Lifti alishinda ndani ya mashimo ya lifti, gizani, kamba za chuma zikimpita masikioni. Wakifika pale kwenye majani, kila mmoja alivua viatu kwanza, maongezi baadaye.

Mzee naye alikuja nao, lakini hakutoka kwenye kiti. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba mguu unaweza, ni mwenyewe tu hataki.

"Mzee, ukisimama nitakununulia aiskrimu," Sindano alimwambia siku moja.

"Mimi si mtoto mdogo."

"Watoto wadogo wanasimama."

Mzee alinuna mpaka jioni. Ila usiku huo, wakati wa kula, alimuuliza mwanawe, "Yule binti Jumapili atakuja?"

Nyumbani kwa Sindano nako kulikuwa na mhakiki. Alilelewa na shangazi yake, mwanamke mfupi, mnene, mwenye maoni kuhusu kila kitu kuanzia bei ya vitunguu mpaka mwendo wa dunia.

"Mwanaume anayekuja kukuona na baba yake," Shangazi alisema, "huyo ni mchumba au ni msafara?"

"Shangazi, baba yake ni mgonjwa."

"Sijasema vibaya. Wengine wanakuja peke yao na tunatamani wangeleta hata shahidi."

Simu zao zilikuwa na mtindo wake.

"Lifti."

"Naam, roho yangu."

"Uko ghorofa ya ngapi?"

"Sipo ghorofa yoyote. Nimening'inia katikati."

"Shika vizuri basi, usije ukaniachia ujane kabla ya ndoa."

Spana ikamponyoka, ikalia mpaka chini ya shimo.

"Umesema ndoa?"

"Mtandao unasumbua," Sindano alisema, akakata simu, akabaki anacheka peke yake mpaka wenzake wakasimamisha cherehani kumtazama.

Neno lile Lifti hakulisahau. Siku ya Jumatano alimaliza kazi mapema kwenye jengo lililo karibu na bustani, akaona apite achague mahali. Alitaka kumuuliza Jumapili, na hakutaka kumuulizia popote tu. Asubuhi walikuwa wameongea, na Sindano alimwambia atakuwa dukani mpaka jioni. Kwa hiyo Lifti aliingia bustanini akiwa na ovaroli lake, anapiga mluzi, akapima benchi hili na benchi lile, akaja mpaka kwenye mawaridi karibu na bwawa.

Pale alimwona Sindano amevaa gauni jeupe la harusi. Mabega yalikuwa wazi, kiunoni lulu, shela imeshushwa nyuma mpaka kwenye majani. Mwanaume mwenye suti nyeusi alikuwa amemshika kiuno, na Sindano alikuwa anacheka.

"Bwana harusi, mtazame mkeo," mpiga picha alisema.

Lifti hakusubiri la pili. Aligeuka akatoka kwa lango la nyuma, na ile njia ya changarawe aliiona ndefu kama adhabu.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Mwenye duka, ambaye wote walimwita Madamu, alikuwa amepanga kupiga picha za tangazo siku hiyo. Msichana wa kuvaa gauni hakutokea, simu yake haipatikani, na mpiga picha alikuwa na kazi nyingine baadaye. Madamu aliangaza macho chumbani akamwona fundi wake aliyeinama kwenye cherehani. "Sindano, vua miwani, vaa hili." Bwana harusi alikuwa mpwa wake Madamu, kijana mwenye mke na mapacha, aliyeazimwa suti. Simu ya Sindano ilibaki dukani, kwenye mkoba. Na kicheko kile kilitokana na bata aliyekuwa anazivuta kamba za viatu vya bwana harusi.

Jioni Sindano alipiga simu, amejaa maneno.

"Mpenzi, leo nimepata vituko, hebu kaa vizuri nikusimulie."

"Hongera," Lifti alisema.

"Ya nini?"

"Nyeupe inakupendeza. Na mwenzako naye alipendeza."

Upande wa Sindano ilisikika redio ya Shangazi, mtu anasoma taarifa ya habari.

"Ulikuwa bustanini?"

"Nilipita."

"Ukaniona."

"Niliwaona."

"Na hukuja kuniuliza."

"Nikuulize nini? Mpiga picha alishasema yote."

Sindano alivuta pumzi. Maneno yote ya kueleza yalikuwa mdomoni, Madamu, mpwa, bata, na angeyasema mara moja kama angeulizwa hata kwa hasira. Lakini mtu aliyemjua Jumapili zote zile alikuwa amemtazama mara moja tu, akahukumu, akaondoka.

"Sawa," alisema. "Kama mpiga picha ndiye msemaji wangu, endelea kuongea naye."

Akakata. Shangazi alipunguza sauti ya redio.

"Si ungemwambia ukweli tu?"

"Hakuuliza, Shangazi."

"Kiburi hakijengi nyumba, mwanangu."

"Na wivu je, unajenga?"

Shangazi akarudisha sauti ya redio.

Picha ile ilikuja kubandikwa kwenye bango kubwa la njia panda, ukubwa wa ghorofa mbili. Lifti alikuwa kwenye gari la kazini na mwenzake, taa ikiwa nyekundu, alipoinua macho akamkuta Sindano anamcheka kutoka angani. Chini yake kulikuwa na jina la duka na maneno, *Siku yako inaanzia kwetu.*

"Yule si shemeji?" mwenzake alisema. "Kumbe siku hizi anatangaza? Na yule jamaa wa suti namfahamu, watoto wake mapacha wanasoma na wangu. Mkewe atamcheka mwaka mzima."

Taa ikawa kijani, magari ya nyuma yakapiga honi, Lifti bado anatazama juu.

Alipiga simu, haikupokelewa. Aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine mfupi zaidi, haukujibiwa. Alikwenda mpaka dukani, amevaa lile shati la bluu. Madamu alimpokea mlangoni akiwa na tepu ya kupimia shingoni.

"Sindano anapima mteja."

"Nitamsubiri."

"Baba, mimi nimeagizwa. Amesema ukija nikwambie anapima mteja. Hata kama hakuna mteja."

Nyumbani alimweleza baba yake yote, bila kujipamba. Mzee alisikiliza huku ametazama ukuta.

"Kwa hiyo ulimwacha binti wa watu kwa sababu ya picha."

"Ndiyo, baba."

"Hata mimi ningekukatia simu," Mzee alisema, akaomba azimiwe taa.

Wiki zikaenda. Lifti alitengeneza lifti zikapandisha watu na kuwashusha, akala bila kujua anakula nini, na Jumapili alikaa ndani. Alipomwambia baba yake watoke kidogo, Mzee alisema hajisikii. Jambo moja tu lilimshangaza. Jioni moja alipokuwa anamvua viatu, alikuta majani mabichi yamenata kwenye soli.

"Baba, leo ulitoka?"

"Kwani mimi ni mfungwa?"

"Na nani?"

"Na mambo yangu."

Mambo yake yalianza kwa simu. Mzee alikuwa amemwomba jirani ampigie namba ya Sindano, na Sindano alipopokea, akamwambia, "Binti, mwanangu ni mjinga, hilo nimekubali. Lakini mimi kosa langu ni lipi?"

Sindano alicheka bila kutaka. Kesho yake, Lifti alipokwisha kwenda kazini na duka la Madamu bado halijafunguliwa, aligonga mlango wa Mzee.

"Tuelewane. Nimekuja kwa ajili yako. Yule mwingine asitajwe."

"Yupi?" Mzee aliuliza, na sura yake haikuonyesha chochote.

Bustani ya asubuhi ni nyingine kabisa. Hakuna riboni wala umati. Majani yana umande, wakimbiaji wanapita wanahema, mtunza bustani anaburuta mpira wa maji kutoka kitanda hadi kitanda. Pale, pasipo na macho ya kumhurumia, Mzee alisimama. Alishika mgongo wa benchi kwa mikono miwili, miguu ikamtetemeka, jasho likamtoka, akakaa. Siku nyingine akasimama tena. Kisha akaanza kwenda kutoka benchi moja mpaka la pili, bega lake kwenye bega la Sindano, akitukana kimoyomoyo.

Siku moja alianguka. Sindano alipiga kelele, mtunza bustani akaja mbio, lakini Mzee aliinua mkono kuwazuia.

"Niacheni kidogo," alisema, amelala chali, anatazama mawingu. "Mara ya mwisho kulala kwenye majani nilikuwa na mke wangu. Alikuwa na mimba ya yule tusiyemtaja."

Sindano alikaa chini kando yake.

"Alikuwaje?" aliuliza.

"Mama yake? Mkali kama wewe. Mara tatu nilifika kwao kuomba msamaha, mara tatu akaniambia yuko jikoni. Ya nne nikaingia jikoni." Mzee akageuza kichwa. "Mwanangu ana kosa, lakini hana uongo. Ukishindwa kumsamehe, sitakulaumu. Bado nitakuja hapa asubuhi na wewe."

Sindano alifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Inuka, Mzee. Umande utakupa mafua."

Lifti naye alikuwa amechoka kusubiri simu. Dukani mlango ulikuwa umefungwa kwake, lakini alijua nyumba ya Shangazi, akaenda huko jioni, Sindano akiwa bado kazini. Shangazi alimwacha asimame mlangoni muda wa kutosha, ndipo akamkaribisha.

"Nimekuja kuomba msamaha," Lifti alisema.

"Kwangu? Mimi hukunikosea."

"Nimekukosea, Shangazi. Wewe ndiye uliyemlea, na mimi nilimwona kama mtu asiyelelewa."

Shangazi alimtazama toka viatu mpaka kichwa, kisha uso wake ukalegea.

"Hilo neno zuri. Limetoka kwako au umefundishwa?"

"Limetoka kwangu. Nimekuwa nalo siku nyingi, nimekosa wa kumwambia."

"Basi nenda bustanini kesho asubuhi, kwenye bwawa. Ila uende na masikio. Mdomo utautumia mwishoni."

Asubuhi ile Lifti aliomba ruhusa kazini akaenda. Kitu cha kwanza alichokiona kando ya bwawa kilikuwa kiti cha baba yake. Kilikuwa kitupu, magurudumu karibu na maji. Alikimbia, akachungulia bwawani, bata wakatawanyika wakipiga kelele. Akageuka huku na huku.

Ndipo akamwona. Upande wa pili wa uwanja wa majani baba yake alikuwa anatembea. Alikuwa na fimbo mkono wa kulia, mguu wa kushoto ukija nyuma kama mtoto mkaidi, lakini ukija. Sindano alikuwa mbele yake, anarudi kinyumenyume na gauni lake la kijani limelowa umande mpaka magotini, mikono ameikunjua tayari, bila kumgusa.

Lifti alipiga hatua kumwendea.

"Simama hapohapo," Mzee alisema. "Usinifuate. Nakuja mwenyewe."

Sindano aligeuka akamwona ni nani. Alisogea pembeni, akampisha Mzee, naye Mzee akauvuka ule uwanja wote peke yake. Mkimbiaji mmoja alisimama, kisha wengine. Mtunza bustani aliufunga mpira wa maji. Mama aliyekuwa na mtoto mgongoni alikuwa anahesabu hatua kwa midomo. Mzee alisimama mara mbili kuvuta pumzi, na mara zote mbili Lifti alikaza mikono yake kwenye ovaroli ili asimkimbilie. Alipofika, aliweka mkono begani kwa mwanawe, mzito, wa moto.

"Nimefika," alisema.

Watu wakapiga makofi. Lifti alimkumbatia, akalia waziwazi mbele ya bata na wakimbiaji.

"Inatosha, unanilowesha," Mzee alisema, akijishusha kwenye benchi. "Mimi safari yangu nimemaliza. Sasa nenda kamalize yako."

Sindano alikuwa amebaki palepale katikati ya majani, viatu mkononi. Lifti alimwendea. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima, na yote yakapotea.

"Asante kwa baba."

"Baba yako ni rafiki yangu. Si mambo yako."

"Nilikosa. Nilikuona, nikakimbia. Nilikuwa naogopa kwamba uzuri ule haukuwa wangu tangu mwanzo, na nilipouona kwa mwingine nikaamini haraka. Hilo ni la kwangu, wewe huna hatia nalo. Ningekuuliza tu."

"Uliza basi," Sindano alisema.

"Tangazo nimeliona. Yule jamaa najua ni nani."

"Sitaki unachokijua. Nataka uniulize."

"Yule mwanaume alikuwa nani?"

"Mpwa wa Madamu. Alikuwa anatetemeka mpaka bata akamwonea huruma. Swali lingine?"

"Utanisamehe?"

"Nilikusamehe wiki iliyopita, nikaona nikuache uteseke kidogo." Sauti yake ilikatika kidogo mwishoni, akakunja uso kuificha. "Lingine?"

Lifti aliingiza mkono mfukoni mwa ovaroli. Zikatoka skrubu, kipande cha waya, bisibisi ndogo. Mwisho ikatoka pete, imefungwa kwenye kitambaa safi.

"Niliinunua siku ileile ya Jumatano. Nilikuja hapa kutafuta benchi la kukuulizia."

"Ulipata?"

"Hapana. Lakini hapa ulipo panatosha. Utakubali nikuoe, Sindano?"

Sindano alimtazama, akatazama pete, akamtazama Mzee kule kwenye benchi, aliyejifanya anaangalia maji huku sikio lote liko kwao. Kwa miaka alikuwa akiwapigia magoti wanawake wengine kwenye bustani hii, pini mdomoni, akiwatakia heri, kisha akirudi nyumbani na vipande vya nyuzi. Akanyoosha mkono.

"Ninakubali. Na Shangazi akikuuliza, mwambie nilifikiria sana."

Lifti alimvisha. Kisha akambeba akamzungusha, viatu vikaruka, na wakimbiaji ambao sasa walikuwa wamekata tamaa kabisa ya kukimbia wakapiga vigelegele.

Walipotaka kuondoka, Lifti alikisogeza kiti mbele ya benchi. Mzee alikitazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyealikwa.

"Wekeni mkoba wa binti hapo," alisema. "Mimi nakwenda langoni kwa miguu."

Wakaanza safari. Lifti alisukuma kiti chenye mkoba, Sindano akatembea kando ya Mzee, jua likianza kukausha changarawe. Hawakuwa wamefika hata kwenye mawaridi simu ya Sindano ilipolia.

"Madamu, shikamoo. Ndiyo, najua mteja amefika. Hapana, siumwi, sijambo kabisa." Alimtazama Mzee aliyekuwa anauvuta mguu wake mbele, kidevu juu. "Nitachelewa leo. Niko na baba mkwe, na ana mwendo wake."